Asistanti sosiali naye anasimamiwa na nani? Masomo, cheo na kazi ya msimamizi wa huduma za jamii mjini Likasi

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 15 anakamatwa upande wa Shituru akiwa na kipande cha waya wa shaba. Polisi inamwandikia dosie, dosie inapita parke, kisha inafika kwa zuzi wa watoto. Kabla zuzi hajaamua kama kijana atarudi kwa mama yake, atakwenda kwa shangazi ao atawekwa katika nyumba ya malezi, ataomba karatasi moja: ripoti ya uchunguzi wa kijamii. Karatasi hiyo inaandikwa na asistanti sosiali.

Kama asistanti alifika kweli nyumbani, akaongea na mama, na jirani, na mwalimu, na kijana mwenyewe, zuzi anaamua akijua anachoamua. Kama aliandika akiwa amekaa biro, bila kufika kwa mtu, zuzi anaamua gizani, na kijana ndiye analipa. Kati ya hizo mbili kuna mtu mmoja ambaye wakaaji wengi hawamjui: msimamizi wa asistanti sosiali. Yeye ndiye anasoma ripoti kabla haijatoka, na yeye ndiye anapaswa kuuliza: "Ulifika kule? Siku gani? Uliongea na nani?"

Makala hii inaeleza msimamizi huyo ni nani, anapaswa kuwa amesoma nini, kazi yake ni zipi, na mkaaji wa Likasi ao wa mji mwingine wa mashariki anaweza kumuuliza nini.

Kwa ufupi

- Sheria kubwa ya kazi hii ni Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto.
- Mtoto ni kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18. Mtoto wa chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai.
- Asistanti sosiali hatoi hukumu. Anachunguza, anashauri, anafuatilia. Uamuzi ni wa zuzi.
- Msimamizi anajibu kwa kazi ya asistanti wake: anagawa dosie, anasoma ripoti, anahakikisha mtoto anatembelewa hata baada ya uamuzi.
- Diploma inafungua mlango, lakini haitoshi peke yake.

Asistanti sosiali anaingilia wapi?

Likasi iko na komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Ni mji wa kazi ya shaba na kobalti tangu wakati wa Wabelgiji, wakati ulipoitwa Jadotville, jina lililobadilishwa mwaka 1966. Maisha ya mji yamefuata maisha ya migodi na viwanda. Kazi ya kampuni ikipungua, baba anabaki nyumbani, watoto wanaingia kwenye uchimbaji wa mkono, ao wanaosha mawe, ao wanabeba mifuko. Sheria ya 2009 inakataza kumpa mtoto kazi kabla ya miaka 16, isipokuwa kwa ruhusa ya pekee ya zuzi kwa mwenye miaka 15, na inakataza kabisa kazi mbaya zinazoumiza mwili ao akili yake. Lakini sheria peke yake haiwezi kumtoa mtoto shimoni. Inahitaji mtu wa kufika, kumsikiliza na kumtafutia njia nyingine.

Mtu huyo ni asistanti sosiali. Anakutana na mtoto katika njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza ni mtoto aliye katika hali ngumu. Ni yule aliyetupwa, aliyefukuzwa nyumbani, anayeombaomba, anayelala sokoni, anayetumikishwa, ao anayeitwa mulozi na watu wa nyumba yake. Hapa Katanga wanamwita shege. Goma na Bukavu wanasema maibobo. Sheria haitumii majina hayo. Inasema ni mtoto anayehitaji ulinzi, na kwamba anaweza kuwekwa katika familia ya kumpokea ao katika nyumba ya malezi inayotambuliwa na Leta.

Njia ya pili ni mtoto anayegongana na sheria, yaani mwenye miaka 14 hadi chini ya 18 anayeshitakiwa kwa kosa. Mtoto huyo hapaswi kupelekwa mbele ya tribinali ya watu wazima. Sheria inataka kila mji na kila teritware iwe na tribinali ya watoto. Huko kesi inasikilizwa na zuzi mmoja katika daraja la kwanza, mlango ukiwa umefungwa, bila umati wa watu. Zuzi anaweza kumkaripia mtoto na kumrudisha kwa wazazi wakiambiwa wamchunge vizuri zaidi, kumkabidhi kwa familia yenye tabia njema, kumweka katika kituo cha matibabu na malezi, ao kumweka katika nyumba ya Leta. Katika kila moja ya hatua hizo, kuna mtu wa kufuatilia.

Njia ya tatu ni mtoto wa chini ya miaka 14 aliyefanya jambo ambalo kwa mtu mzima lingekuwa kosa. Zuzi anapaswa kumwachilia, na anaweza kumkabidhi kwa asistanti sosiali ao kwa mtaalamu wa saikolojia ili asindikizwe, huku hasara ya aliyekosewa ikiangaliwa vilevile. Hapo kazi yote inaanguka mikononi mwa asistanti. Hakuna mlinzi wa buloko, hakuna ukuta. Kuna mtu mwenye daftari na miguu yake.

Na watu wazima wanaotoka buloko?

Katika nchi jirani kuna watumishi wa pekee wanaofuatilia watu wazima walioachiliwa kwa masharti. Kwetu Kongo kazi hiyo haijajengwa kwa namna hiyo.

Kitabu cha sheria za jinai, ambacho msingi wake ni dekree ya tarehe 30 Januari 1940, kinajua mambo mawili. La kwanza ni hukumu ya masharti: zuzi anatoa adhabu lakini anasimamisha utekelezaji wake, mtu akichunga mwenendo. La pili ni kuachiliwa kwa masharti: mfungwa aliyekwisha kumaliza robo ya adhabu yake, na kama muda aliokaa unapita miezi mitatu, anaweza kufunguliwa kabla ya wakati. Uamuzi huo unatoka kwa waziri wa Haki. Akivunja masharti, anarudishwa ndani.

Lakini nani anamtembelea nyumbani? Nani anauliza kama amepata kazi, kama amepatana na jirani aliyemkosea? Katika mji kama Likasi, ambao una buloko ya mji na pia buloko ya Buluwo inayojulikana nchi nzima, swali hilo si dogo. Mara nyingi jibu ni familia, kanisa, ao shirika la watu wenye moyo. Mahali asistanti sosiali wa Leta anaombwa kusaidia, anafanya kazi ileile anayofanya kwa watoto, na msimamizi wake anapaswa kuifungulia dosie kama nyingine zote. Msaada usioandikwa popote hauwezi kufuatiliwa.

Cheo chake kiko wapi?

Msimamizi si kazi moja yenye jina moja. Anaweza kuwa wa aina mbili.

Wa kwanza ni mtumishi wa Leta, ndani ya Afea Sosiali. Kwenye jimbo kuna divizio, ambayo watu wanaiita Divas; chini yake kuna mabiro, na katika mji na komini kuna huduma zenye wakubwa wao. Watumishi hawa wanaongozwa na Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, statuti ya watumishi wa kudumu wa huduma za Leta. Katika ngazi hiyo, shefu wa divizio na shefu wa biro ni watu wa kuamuru. Chini yao wako waataashe wa utawala, kisha maajenti wa utekelezaji. Asistanti sosiali anayefika kwenye kartie mara nyingi ni ajenti ao ataashe. Anayemsimamia kila siku ni shefu wa biro ao mkubwa wa huduma ya mji.

Wa pili ni msimamizi wa shirika lisilo la kutafuta faida. Mashirika hayo, ya makanisa na ya raia, yanaongozwa na Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Mashariki yote, nyumba nyingi za kupokea watoto ni zao. Msimamizi wao anajibu kwa shirika lake, lakini mtoto si wa shirika. Uwekaji wa mtoto lazima ujulikane na Afea Sosiali na na zuzi. Nyumba inayopokea watoto bila karatasi ya zuzi, hata kama inawalisha vizuri, inaweka watoto mahali ambapo hakuna anayewahesabu.

Anapaswa kuwa amesoma nini?

Njia ya masomo inajulikana.

Ngazi ya chini ni diploma ya Leta ya shule ya sekondari, sehemu ya ufundi wa kijamii. Huyo anaweza kuanza kama ajenti wa kufika nyumbani, lakini akiwa chini ya mtu mwenye ujuzi zaidi.

Ngazi inayofuata ni chuo kikuu ao chuo cha juu. Kwa watu wa Haut-Katanga, Lubumbashi iko na Chuo cha Juu cha Masomo ya Kijamii, kinachoitwa ISES, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, chenye masomo ya saikolojia, ya sosiolojia na ya sheria. Likasi nayo iko na chuo kikuu chake. Kwa mfumo wa zamani, mtu alipata graduati baada ya miaka mitatu, na lisansi baada ya miaka mitano. Siku hizi vyuo viko katika mfumo mpya wa LMD, ambao lisansi yake ni ya miaka mitatu na inafuatwa na masta. Mwenye kusoma matangazo ya kazi achunge hapo: neno "lisansi" kwenye diploma ya zamani na kwenye ya mpya halina urefu mmoja.

Kuingia katika kazi ya Leta, statuti ya 2016 inataka mtu awe Mkongomani, awe na haki zake za kiraia, awe na mwenendo mzuri, awe na afya ya kufanya kazi, awe na diploma inayolingana na cheo, na apite kwa mashindano. Kupanda kutoka ajenti hadi shefu kunategemea miaka ya kazi na kotasio, yaani alama anazopewa kila mwaka na mkubwa wake.

Lakini diploma haimfanyi mtu msimamizi mzuri. Mambo manne yanahitajika juu yake.

La kwanza, awe amefanya kazi ya miguu. Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti cha plastiki katika nyumba ya chumba kimoja, akimwuliza mama maswali ambayo mama hataki kujibu, hawezi kutambua ripoti ya uongo.

La pili, ajue sheria kwa kuitumia. Si lazima awe avoka. Lakini ajue tofauti ya mtoto wa miaka 13 na wa miaka 14 mbele ya zuzi. Ajue kwamba jambo la kubakwa kwa mtoto wa kike halipatanishwi nyumbani kwa mbuzi na katoni ya bia. Sheria namba 06/018 na 06/019 za tarehe 20 Julai 2006 zinalipeleka parke.

La tatu, ajue kusikia lugha za watu. Likasi mtoto anaweza kueleza mambo yake kwa Kiswahili cha hapa, bibi yake akajibu kwa Kibemba, Kisanga ao Kiluba, na dosie ikaandikwa kwa Kifaransa. Katika kupita lugha tatu, neno "alichukua" linaweza kufika kwa zuzi likiwa "aliiba".

La nne, awe mtu wa siri. Kifungu cha 73 cha kitabu cha sheria za jinai kinaadhibu mtu anayefunua siri aliyoipata kwa sababu ya kazi yake. Habari za mtoto si za kuzungumzia kwenye taksi.

Mawazo haya si ya Kongo peke yake. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1985 zinazoitwa Kanuni za Beijing juu ya haki ya watoto, na zile za Tokyo za 1990 juu ya adhabu zisizo za kifungo, zinataka wafanyakazi hawa wachaguliwe kwa ujuzi na tabia, wafundishwe kabla ya kuanza na waendelee kufundishwa kazini. Nchi yetu, wakati huo Zaire, iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990.

Kazi zake za kila juma

*Kugawa dosie.* Si kila asistanti anafaa kila dosie. Binti aliyetendewa vibaya aongee na mwanamke, kama yuko. Asistanti asipewe dosie ya mtoto wa ndugu yake, ya jirani wa ukuta mmoja, ao ya mtu wa kanisa lake anayemwogopa. Msimamizi anauliza kabla: "Familia hii unaijua?" Jibu likiwa ndiyo, dosie inakwenda kwa mwingine.

*Kusoma ripoti kabla haijakwenda kwa zuzi.* Hii ndiyo kazi kubwa. Ripoti nzuri inaonyesha tarehe ya kufika, avenyi na kartie, majina ya walioongea, na kama mtoto alisikilizwa peke yake, mbali na wakubwa wanaoweza kumtisha. Inaeleza nani anamlea, nani anafanya kazi, watu wangapi wanalala chumba kimoja, mtoto alisoma hadi mwaka wa ngapi na kwa nini aliacha. Inatenga mambo matatu: asistanti aliona nini kwa macho yake, aliambiwa nini, na yeye mwenyewe anafikiri nini. Ripoti inayochanganya hayo matatu inarudishwa.

Msimamizi anaangalia pia maneno. "Mtoto ni mwizi" si uchunguzi, ni hukumu, na hukumu ni ya zuzi. "Mtoto ni mulozi" ni mbaya zaidi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kutupa mtoto, kumtesa na kumshitaki kwa uchawi. Sheria ya 2009, kifungu cha 160, inampa anayemshitaki mtoto hivyo kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini. Asistanti anaweza kuandika kwamba familia inamshuku mtoto. Hiyo ni habari ambayo zuzi anaihitaji ili asimrudishe mahali pa hatari. Lakini hawezi kuiandika kama vile anaiamini.

*Kutoka pamoja na asistanti.* Mara kwa mara msimamizi anapaswa kwenda naye, bila kuchukua nafasi yake. Anakaa pembeni, anasikiliza namna anavyouliza. Kuna kuuliza "Mama, kwa nini unaacha mutoto anaiba?" na kuna kuuliza "Mama, siku ile mutoto alilala wapi?" La kwanza linafunga mdomo wa mama. La pili linafungua mazungumzo.

*Kufuatilia baada ya uamuzi.* Hapa ndipo dosie nyingi zinafia. Zuzi ameamua, karatasi imepigwa muhuri, kila mtu anaona kazi imekwisha. Kumbe kwa mtoto ndiyo inaanza. Msimamizi anapaswa kuwa na rejista inayoonyesha kila mtoto aliyewekwa mahali, tarehe ya kutembelewa mara ya mwisho, na tarehe inayofuata. Mtoto ambaye safu yake iko tupu kwa miezi anapaswa kuulizwa siku hiyohiyo. Na hali ikibadilika, kwa mfano shangazi amehama ao mtoto amepata nafasi ya shule, zuzi aandikiwe, kwa sababu hatua aliyochukua inaweza kubadilishwa.

*Kusaidia upatanisho unaokubaliwa na sheria.* Kwa makosa madogo, Sheria ya 2009 imeweka njia ya upatanisho kati ya mtoto na aliyekosewa, ili dosie ndogo isimalizikie katika nyumba ya kufungiwa. Msimamizi anachunga njia hiyo isitumiwe kwa mambo makubwa, na isigeuke soko la kudai pesa.

*Kulinda asistanti wake.* Kuna familia zinazotisha. Kuna waajiri wa watoto wenye nguvu. Na kuna uzito wa moyo: asistanti anayesikia kila siku habari za watoto waliopigwa na kubakwa anaweza kuchoka hadi asisikie tena. Mkutano wa kila juma, hata wa saa moja, ambapo kila mmoja anasema dosie iliyomlemea, ni sehemu ya kazi.

*Kutoa alama na kuadhibu.* Kotasio ya mwaka isiwe zawadi ya urafiki. Asistanti aliyeandika ripoti bila kufika, ao aliyeomba pesa kwa familia, anapaswa kufuatwa kwa njia ya nidhamu iliyo katika statuti, ambayo inaanza na karipio na inaweza kufika hadi kufukuzwa kazini. Naye ana haki ya kujieleza.

Mfano wa waya wa shaba, ukifuatwa vizuri

Turudi kwa kijana wa Shituru. Mfano huu ni wa kufundishia.

Ripoti ya kwanza ina mistari sita. Inasema kijana "ni mkaidi, hana uangalizi wa wazazi, afaa kuwekwa nyumba ya Leta". Msimamizi anaisoma na kuuliza maswali matatu. Nani alisema ni mkaidi? Baba yuko wapi? Mama aliulizwa?

Asistanti anarudi Kikula. Anakuta mama anauza makala na mikate mbele ya nyumba. Baba alikwenda migodini upande wa Kolwezi na simu yake haipatikani. Kijana alisoma hadi mwaka wa pili wa sekondari, akaacha. Waya huo alipewa na mtu mzima amwuzie. Mjomba fundi wa kusoda yuko Panda, na yuko tayari kumpokea na kumfundisha kazi. Mwalimu wake wa zamani anasema kijana alikuwa anahesabu vizuri.

Ripoti ya pili ina kurasa tatu na pendekezo lingine: akabidhiwe kwa mjomba, na atembelewe kila juma mbili kwa miezi ya kwanza. Pia inaonyesha mtu mzima ambaye parke inapaswa kumtafuta. Zuzi anaweza kukubali ao kukataa. Lakini sasa anaamua akiwa na mtoto mbele yake, badala ya neno "mkaidi".

Kati ya ripoti ya kwanza na ya pili hakuna sheria mpya wala pesa nyingi. Kuna msimamizi aliyesoma na kuuliza.

Kizuizi kikubwa: njia na mshahara

Haiwezekani kueleza kazi hii bila kusema ugumu wake. Katika huduma nyingi za Leta kuna watumishi wanaoitwa vitengo vipya, wanaofanya kazi bila matrikuli na bila mshahara wa kila mwezi. Asistanti asiyelipwa, anayepaswa kutoka katikati ya mji hadi mwisho wa Panda, atapanda mototaksi kwa pesa ya nani? Jibu likiwa "ya familia ya mtoto", ripoti imekwisha kuharibika kabla haijaandikwa. Familia yenye pesa itaandikiwa vizuri, maskini itaandikiwa kwamba haikupatikana.

Msimamizi hawezi kuleta mishahara. Lakini anaweza kufanya mambo matatu: kupanga dosie kwa kartie ili safari moja ifike nyumba tatu, kuandika wazi katika ripoti kwamba nyumba haikutembelewa na kwa nini, badala ya kuficha, na kutuma kwa wakubwa wake, kila robo mwaka, hesabu ya dosie zilizosimama kwa kukosa njia. Shida isiyoandikwa haiingii katika bajeti.

Jirani wanafanyaje?

Kenya ilipata sheria ya uangalizi wa wakosaji mwaka 1943, na huduma yake ikaanza 1946. Leo tribinali ya huko inaweza kumweka mtu mzima chini ya ofisa wa uangalizi kwa miezi sita hadi miaka mitatu badala ya kumfunga. Tanzania ilifungua Chuo cha Ustawi wa Jamii Dar es Salaam miaka ya 1970, na maofisa ustawi wa jamii wanaandika ripoti kwa mahakama za watoto. Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, inawapa maofisa wa ustawi wa jamii kazi ya uangalizi pia.

Sisi tulikuwa na dekree ya tarehe 6 Desemba 1950 juu ya watoto wakosaji, iliyotumika karibu miaka sitini, hadi Sheria ya 2009 ikaja na sura nyingine: mtoto kwanza ni mtu wa kulindwa. Kinachobaki ni kuwapa nguvu wale wanaopaswa kuitekeleza.

Mkaaji anaweza kuuliza nini?

Kama mtoto wako, wa ndugu yako ao wa jirani yako yuko mbele ya tribinali ya watoto, ao amechukuliwa na Afea Sosiali, una haki ya kuuliza kwa heshima:

1. Asistanti sosiali wa dosie hii ni nani, na msimamizi wake ni nani?
2. Atafika nyumbani siku gani? Mkuu wa kartie anaweza kuwa shahidi kwamba alifika.
3. Mtoto alisikilizwa peke yake?
4. Kuna ndugu mwingine anayeweza kumpokea? Sema jina lake na avenyi yake mapema, usingoje siku ya tribinali.
5. Baada ya uamuzi, atatembelewa lini?

Ukiombwa pesa ili ripoti iandikwe vizuri, usilipe. Nenda kwa msimamizi, na kama msimamizi mwenyewe ndiye anaomba, nenda kwa divizio ya jimbo ao kwa zuzi wa watoto.

Na kama asistanti anabisha mlango wako, mfungulie. Mpe kiti, mwambie ukweli, hata ule unaokuaibisha. Wazee wanasema mkono mmoja haulei mwana. Ukweli wako ndio utaandikwa katika karatasi ile ambayo zuzi ataisoma kabla ya kuamua mtoto analala wapi.